Watoto Waliofungiwa Ghalani Siku ya Ukaguzi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu, lakini leo nina hasira, sitawangoja. Watoto, sogeeni mbele. Na nyinyi wazazi mlioegemea ukuta, sogeeni pia, maana hadithi hii ni yenu zaidi.

Hapo zamani za kale wanyama wa bonde moja hawakuwa na shule. Watoto walizurura, wakubwa walilalamika. Mwishowe wakachoka kulalamika, wakajenga. Ngiri akachimba msingi, Tembo akabeba magogo, ndege wakaezeka nyasi. Shule ikasimama, mpya, inanukia udongo mbichi.

Mwalimu akawa Digidigi. Mnamjua digidigi, mdogo, miguu kama vijiti. Siku ya kwanza aliwatazama wanafunzi wake akaona hawafanani. Chiriku wanaimba kila kitu. Ngedere hawakai chini. Mtoto wa Bundi mchana kutwa analala. Mtoto wa Konokono ukimuuliza asubuhi anajibu jioni. Na Binti Fuko, aliyezaliwa chini ya ardhi, macho yake hayaoni kitu ubaoni.

Mwalimu mwingine angeshika fimbo. Digidigi alisema, "Kila mtoto ana mlango wake. Kazi yangu ni kuutafuta, kisha nibishe hodi."

Akautafuta kweli. Ngedere wakahesabu matawi wakiwa juu ya matawi. Mtoto wa Bundi akafundishwa jua likizama. Konokono akaulizwa, akangojwa, na jibu lake likija linakuja limenyooka. Binti Fuko akatengenezewa herufi za udongo. Digidigi alikanda udongo, akachora kwa kwato, ukikauka Fuko anapapasa kwa pua na makucha. Siku aliposoma jina la mama yake, Mama Fuko alilia mbele za watu wala hakuona haya.

Sasa sikilizeni balaa.

Shule ilikuwa na mwenyekiti wa kamati, Bwana Batamzinga. Kulu-kulu-kulu! Kifua mbele, shingo nyekundu, darasani hajawahi kukaa hata siku moja. Ikaja habari kwamba Kakakuona, mkaguzi wa bonde la pili, atakuja kuona shule mpya inafundishaje. Akiikubali, itaendelea. Akiikataa, itafungwa, na watoto watarudi kuzurura.

Batamzinga akapata homa. Akaamuru ukuta upakwe chokaa, uwanja ufagiliwe, maua yachomekwe ardhini hata kama hayana mizizi. Akasema wageni siku zote huuliza mbili mara mbili ni ngapi, kwa hiyo darasa zima lifundishwe kujibu kwa wimbo. Vibao vya udongo vya Binti Fuko akavitupa nyuma ya choo, eti ni uchafu. Kisha akasema wale watatu, Fuko, Bundi na Konokono, wasionekane.

Digidigi alimwambia kwamba hao ndio aliowahangaikia kuliko wote. Batamzinga akamjibu kwamba walimu wako wengi, naye asipotaka kazi aseme. Digidigi akanywea. Hapo mimi namlaumu. Nampenda, lakini namlaumu.

Mnaguna nini? Wangapi hapa wameambiwa, mwanao kesho asije, kuna wageni? Na mkamfungia mtoto ndani, mkasema wakubwa ndio wanaojua. Msigune.

Asubuhi wale watatu waliambiwa kuna mahindi ya kupukuchua ghalani. Wakaingia, watoto watiifu. Nyuma yao mlango ukafungwa, kacha! Binti Fuko akauliza kupitia ufa, "Bwana Mwenyekiti, tumekosa nini?"

Batamzinga alikuwa keshageuka. Alikuwa anakimbilia kumpokea mgeni.

Kakakuona akaja polepole, magamba chakacha, chakacha. Akaimbiwa, akapewa kiti, akaingia darasani. Akauliza mbili mara mbili ni ngapi.

"Nne, mgeni wetu, nne!" darasa zima likaimba.

Akauliza mwalimu wao anaitwa nani.

"Nne, mgeni wetu, nne!"

Akauliza leo asubuhi wamekula nini. Nne, mgeni wetu, nne. Batamzinga alikuwa anatingisha kichwa kwa furaha. Kakakuona akashusha pumzi. Alisema shule za namna hii ameziona nyingi, akainuka aende zake.

Mara, kwaru. Kwaru, kwaru, kwaru. Sakafu ikavimba katikati ya darasa. Ikapasuka, ikatoka pua, yakatoka makucha, akatoka Binti Fuko kajaa vumbi. Nyuma yake mtoto wa Bundi, macho kayafumba, na mgongoni kwake Konokono.

"Shikamoo mwalimu," akasema Binti Fuko. "Utuwie radhi, tumechelewa. Mlango wa ghala ulifungwa, ikabidi nitafute mwingine."

Kakakuona akauliza hawa ni nani. Na Batamzinga, bila kupepesa macho, akasema, "Hao si wa shule hii. Ni wapita njia tu."

Wapita njia! Ngiri alichimba msingi kwa ajili ya nani? Mama Fuko alikuwa dirishani na wazazi wenzake, akasikia.

Digidigi akasimama. "Ni wanafunzi wangu," akasema. "Na waliofungiwa wamefungiwa mimi nikijua." Akatoka, akaenda nyuma ya choo, akarudi na vibao vyake vya udongo, akavipangusa mbele ya wote.

Kakakuona akakaa tena. Akamuuliza Konokono shule nzuri ni ipi. Konokono akanyamaza. Batamzinga akasema mnaona, huyu hajui kitu. Kakakuona akangoja. Chakula kikaletwa kikapoa, jua likahama dirisha, akangoja tu. Jua lilipoanza kuzama Konokono akatoa pembe zake.

"Ni ile inayoningoja," akasema.

Mtoto wa Bundi naye alikuwa ameamka, kila alichoulizwa akakijibu. Kisha mkaguzi akaomba udongo mbichi, akaandika kibao kwa ukucha, kikakaushwa motoni, akampa Binti Fuko awasomee wote.

Fuko akapapasa. Akasoma, "Shule hii ni nzuri, na iendelee. Mwalimu anamjua kila mtoto. Uzuri wake nimeuona kwa waliofungiwa ghalani."

Kulu-kulu-kulu! Batamzinga akaruka juu. Akasema tumeshinda, akasema yeye alijua tangu mwanzo, akataka kibao kikatundikwe nyumbani kwake. Mama Fuko akaingia, akasimama mbele yake.

"Asubuhi mwanangu alikuwa mpita njia," akasema. "Kibao hiki amekisoma mpita njia. Wewe unakipeleka wapi?"

Shingo ya Batamzinga ikapauka, kifua kikashuka.

Wazazi wakaenda ghalani wakaung'oa ule mlango, wakaulaza darasani ukawa benchi. Kibao wakakitia ukutani chini kabisa, karibu na ardhi, pua ya Fuko inapofika. Na mpaka leo Batamzinga akitaka kuonyesha wageni sifa za shule, hana budi kuinama.

Basi sikieni neno lenyewe. Shule haisifiwi kwa mtoto anayeonyeshwa wageni; husifiwa kwa yule ambaye mlitaka kumficha. Ukimficha mwanao, umejificha mwenyewe. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye benchi la mlango wa ghala. Aliye na mtoto nyumbani, akamfungulie.