Hodi kwa Kereng'ende

"Mpiga hodi asiyenyamaza hasikii karibu." Mwenzenu amewaambia hivyo kwa kuwa mlikuwa mkimuuliza maswali nyote kwa pamoja, nanyi sasa mwataka kujua msemo huo umetoka wapi. Wekeni vifaa chini, wajukuu zangu. Umetoka katika chumba hiki hiki cha mitambo, nami nilikuwepo.

Nchi yetu ilikuwa imeunda setilaiti yake ya kwanza. Ilikuwa ndogo, ungeweza kuibeba kwapani kama mkate, tukaiita Kereng'ende kwa ajili ya mabawa yake mawili ya kunasa jua. Mabawa hayo ndiyo tuliyotaka kuyajaribu. Yalikunjwa kama kanga sandukuni, na yangejikunjua huko juu kwa amri yetu. Redio ya Kereng'ende iliundwa na Wakesho, binti wa milima hii, kwa miaka minne.

Siku ya tatu angani Kereng'ende alikuwa bado kimya, na betri ilibakiwa na chaji ya siku hiyo tu. Angepita juu yetu saa nne asubuhi, kwa dakika tisa. Asipofungua mabawa, angezimika milele.

Alipochomoza tukaanza kumwita kama siku zilizotangulia. Tulituma amri moja, na kabla haijapoa tukatuma nyingine, na nyingine. Dakika sita zikapita.

Ndipo mpishi wetu, Mzee Mwakio, akabisha hodi, birika la chai mkononi. Akanyamaza. Akabisha tena, akanyamaza.

"Ingia, Mzee. Mbona umesimama?" Wakesho akauliza.

"Nangoja karibu yenu, mwanangu. Ningegonga mfululizo ningeisikiaje? Na kwa kelele zenu, hata aliyeko angani kashindwa kupenyeza neno."

Wakesho akaduwaa. Redio ile aliijua kama kiganja chake: ikisikiliza, haiwezi kusema. Kila amri mpya ilimfanya Kereng'ende aache alilolianza, atege sikio upya.

"Acheni," akasema. "Tunamkatiza."

"Zimebaki dakika mbili," nikamwambia. "Tukinyamaza naye asijibu?"

"Angalau tutakuwa tumempa nafasi."

Akatuma amri moja, kisha akaweka mikono mapajani. Sote tukanyamaza. Nakumbuka harufu ya tangawizi, na mwanga wa jua ukitambaa sakafuni polepole, hata nikahisi chumba kizima kimeng'oka kilimani na kuelea. Sijui tulielea muda gani.

Kisha ikaja sauti nyembamba, kama ya mdudu nyasini. Kwenye kioo cha mtambo yakatokea maneno mawili: mabawa yamefunguka.

Wakesho alilia bila sauti, kana kwamba bado anaogopa kumkatiza. Mzee Mwakio akammiminia kikombe cha kwanza.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Mwenye nyumba alikuwepo siku zote. Mpiga hodi asiyenyamaza hasikii karibu."