Zizi la Mbuzi Lililotekwa Mara Sita

Inasimuliwa, ndugu zangu katika imani, nami nimekipokea kisa hiki kwa mwalimu wangu ambaye hakuwa mtu wa kuchekacheka lakini hapa alicheka, kwamba katika zama zilizopita palikuwa na mji ukiitwa Raihana, na sultani wake akiitwa Mundhiri. Alikuwa mtu wa swala na sadaka, ila alikuwa na kasoro moja: akishakasirika, hajui tena namna ya kurudi nyuma.

Sultani huyu alimpelekea Mzee Ghalibu, mtawala wa ngome ya Hadhwa, zawadi ya tende katika kapu zuri la ukindu, lililotiwa nakshi za hariri. Tende zikaliwa, shukrani zikaja, kapu halikuja. Ukapita mwezi, ukapita mwaka. Nanyi mnajua jinsi jambo la chombo kisichorudi linavyoweza kumkaa mtu rohoni. Sultani akasema hiyo ni dharau, na baraza lake, ambalo kazi yake ilikuwa kukubali, likakubali kwamba ni dharau. Vijana mia tatu wakapelekwa kuizingira Hadhwa. Tangu siku hiyo ikawa ni kosa kulitaja kapu; ilitakiwa isemwe kwamba vita ni vya heshima ya dola.

Watu wa Raihana hawakuvipenda vita hivyo hata kidogo. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake kule, na kila mama alitaka kujua heshima hiyo ya dola inakaa wapi, ili aende mwenyewe akaiombe radhi, mwanawe arudi.

Amiri jeshi wa mji aliitwa Shureihi bin Dhakwani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mcha Mungu, mnyamavu, mwenye ndevu za kutia heshima. Yeye alikaa mjini karibu na Sultani, akiletewa habari za vita na matarishi. Na desturi ya Raihana ilikuwa hii: kila Ijumaa, baada ya swala, Amiri husimama uani mwa msikiti, akawapa watu habari za vita kwa kiapo. Vita vilipofika mwezi wa sita, Ijumaa sita mfululizo Shureihi alisimama, akasema, "Wallahi, wiki hii majeshi yetu yameteka sehemu ya ngome ya Hadhwa." Watu wakaleta takbira. Ile ya kwanza ilitikisa kuta. Ile ya sita ilitoka kama miayo.

Ijumaa ya saba alisimama, akasema, "Wallahi..." kisha akanyamaza. Akanyamaza mpaka mwadhini akadhani amesahau, akamnong'oneza kwa nyuma, "Wiki hii majeshi yetu..." Amiri hakupokea. Alivua pete ya muhuri, akaiweka juu ya mkeka mbele ya Sultani, akasema, "Nimejiuzulu." Akavaa makubadhi yake, akatoka. Na kwa haraka aliyokuwa nayo, alivaa kubadhi moja la kwake, na la pili la Waziri Labidi.

Subhanallah! Mji mzima ukaacha kazi. Hapakuwa na mtu aliyejua sababu, kwa hiyo kila mtu alikuwa nayo. Wengine walisema ni shujaa aliyemkatalia Sultani mbele ya umma. Wengine walisema ni mwoga, amewakimbia vijana wetu vitani, ingawa vitani hakuwa amefika. Wengine wakasema anautaka uwaziri, na dalili yake ni lile kubadhi. Ndugu wawili wa tumbo moja waligombana juu ya Amiri mpaka wakagawana kisima kwa kamba, na wote wawili wakawa wanateka upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulikuwa na matope.

Sasa, palikuwa na desturi nyingine mjini hapo, nayo ni nzuri, natamani tungekuwa nayo. Kiongozi akitoka madarakani, hukaa siku tatu kwenye kizingiti cha msikiti mkuu, bila zulia wala mwavuli, akiwaomba radhi watu. Aliyedhulumiwa huja, akasema lake, kisha akasema, "Nimekuhalalishia." Akibaki mmoja ambaye hajasema neno hilo, mtu yule hajatua mzigo wake. Shureihi alikuwa ametia nia ya kwenda kuhiji, na hakutaka kwenda na haki ya mja mabegani.

Basi akakaa. Siku ya kwanza alikuja Waziri Labidi, akiwa na kubadhi moja mguuni.

"Ya Amiri," akasema kwa sauti ya chini, "Sultani hana kinyongo. Wewe sema tu kwamba ni ugonjwa. Sema ni tumbo. Tumbo ni ugonjwa wa heshima, hakuna mtu atakayetaka kuuona. Na lile shamba la makomamanga la kando ya mto litakuwa lako la kupumzikia."

"Tumbo langu ni zima, alhamdulillahi," akajibu Shureihi. "Kubadhi lako hili hapa. Naomba radhi kwa kulivaa."

Siku ya pili alikuja Safwani kinyozi, kiongozi wa wale waliomwita shujaa, na kundi kubwa nyuma yake. Alimnyoa Amiri pale pale kizingitini, bure, huku akizungumza, maana kinyozi huyo hakuweza kufanya moja bila la pili.

"Bwana wangu, watu wako tayari. Tamka tu kwamba umevipinga vita hivi tangu siku ya kwanza."

"Lakini sikuvipinga, Safwani."

"Hilo lisikupe tabu. Watu tumeshawaambia."

Hapo, ndugu zangu, Amiri alinyamaza. Sitaki kumpamba. Kundi lile lilikuwa likimwombea dua, wazee wakimbusu mabega, na mtu ambaye jana hakuwa na kitu leo alikuwa shujaa wa mji. Alisikia utamu, akaunyamazia. Kila alipomwambia mtu, "Niwie radhi," aliambiwa, "Radhi ya nini, ewe simba wetu?" Kutwa nzima hakupata mtu wa kumsamehe, kwa kuwa hakuna aliyetaka awe na kosa.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, alikuja Bi Rababa, mjane aliyechoma mikate katika tanuri la mtaa wa wafinyanzi. Unga ulikuwa bado mikononi. Watu wakampisha, maana walimjua kwa mambo mawili: mikate yake ilikuwa laini, na yeye hakuwa laini.

"Baba Amiri," akasema, "mimi sikuja kukusifu wala kukutukana. Mwanangu Ayashi yuko Hadhwa, huu ni mwezi wa saba. Ijumaa sita umeniapia kwamba tunashinda, nami nikarudi nyumbani nikala chakula. Ya saba umeshindwa kuapa. Nataka unijibu neno moja tu. Kile kiapo cha sita kilikuwa na tofauti gani na cha saba?"

Waziri Labidi, aliyekuwa amesimama kando, alijishika tumbo na kukunja uso ili kumkumbusha Amiri ugonjwa wake. Safwani alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, wembe mkononi, mpaka waliokuwa karibu naye wakasogea. Shureihi aliwatazama wote wawili, kisha akamtazama yule mama.

"Hakuna tofauti, mama," akasema.

"Endelea."

"Nje ya ngome ya Hadhwa kuna zizi la mbuzi. Ukuta wake umeungana na ukuta wa ngome. Asubuhi mbuzi wakienda malishoni, vijana wetu huingia zizini kwa ngoma na bendera. Magharibi mbuzi wakirudi, vijana wetu hutoka, kwa sababu wao wamekatazwa kudhuru mifugo ya watu, na beberu hajakatazwa kudhuru askari. Hiyo ndiyo sehemu ya ngome tuliyoiteka. Tumeiteka mara sita, na kila mara ni zizi lile lile. Ulimi wangu haukusema uongo, mama. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Na ya saba?"

"Ya saba nilisimama, nikakuona upande wa wanawake. Umeshainua mikono kumshukuru Mola kabla sijasema. Ulimi ukakataa. Huo si ushujaa. Nimechelewa Ijumaa sita."

Ghasia iliyofuata, mwalimu wangu alisema, ilisikika mpaka malishoni. Safwani alipiga kelele kwamba amemnyoa mtu bure. Waliomwita mwoga walisema walijua tangu zamani habari za mbuzi, nao hawakuwa wakijua lolote. Kadhi wa mji alitamka kwamba kiapo hufuata anavyoelewa yule anayeapiwa, kwa hiyo Amiri anadaiwa kafara sita, amshukuru Mungu kwamba si saba. Kufumba na kufumbua, Amiri hakuwa na rafiki upande wowote. Na inasemekana kwamba hapo ndipo alipokaa vizuri juu ya kile kizingiti, kama mtu aliyetua gunia.

"Niwie radhi, Bi Rababa," akasema.

"Radhi yangu ya nini?" akajibu mama. "Aliyelala na viroboto wa mbuzi miezi saba si mimi. Kamwombe yeye. Akikusamehe, na mimi nimekusamehe."

Basi Shureihi akapanda punda, bila upanga wala mlinzi, akasafiri siku nne mpaka Hadhwa. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye lile zizi, akaketi kizingitini, akawaita vijana mmoja mmoja na kuwaomba radhi. Vijana hawakuamini macho yao. Amiri jeshi, kwenye samadi! Wengine walilia, wengine walimfokea, na beberu alimpiga pembe moja ya ubavuni ambayo Shureihi aliihesabu kuwa ni haki.

Juu ya ukuta, watu wa ngome walikuwa wakichungulia. Mzee Ghalibu, ambaye miezi saba hakuwa amesema neno na adui, alistahimili siku ya kwanza, akastahimili ya pili, ya tatu udadisi ukamshinda. Akashuka na fimbo yake, kilemba cheupe mkononi kwa amani.

"Wewe bwana," akauliza, "unatafuta nini kwenye zizi langu?"

"Natafuta radhi. Na yako pia, mzee wangu, maana nimekuzingira kwa ajili ya kapu."

"Kapu gani?"

"La tende. Hukulirudisha."

Mzee Ghalibu akakaa chini pale pale.

"Lipo," akasema. "Limetundikwa chumbani kwangu, nalitazama kila siku kwa haya. Mwaka ule nzige walikula kila kilichoota. Ningelirudishaje kapu la Sultani likiwa tupu? Hata maskini hamrudishii jirani chombo kitupu. Nikasema nisubiri mavuno. Mavuno yalipokaribia, mkaja mkapiga kambi shambani."

Shureihi akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ubavu wake ulioumizwa, kisha kicheko kikageuka, na vijana waliokuwa wakicheka pamoja naye wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu nyuma ya kambi palikuwa na makaburi kumi na moja. Wengine walikufa kwa mishale, na wengine kwa homa ya maji mabovu.

Ijumaa iliyofuata, kapu lilifika Raihana, nakshi zake zingali nzima, na ndani yake jibini la maziwa ya mbuzi, kwani ndilo pekee Hadhwa ilikuwa nalo. Shureihi aliliweka mbele ya Sultani uani mwa msikiti, akaeleza yote kama yalivyokuwa. Sultani Mundhiri alifunua kitambaa, akalitazama jibini mpaka watu wakaanza kuogopa.

"Kwa nini," akauliza mwishowe, "hakuna mtu aliyemuuliza?"

Baraza likakubali kwamba hakuna mtu aliyemuuliza.

Jeshi likarudishwa. Ayashi alifika nyumbani akinuka beberu, na mama yake akamkumbatia hivyo hivyo, kisha akatoka na unga wake mikononi mpaka nyumbani kwa Shureihi, akasema mbele ya watu, "Nimekuhalalishia." Sultani alimrudishia pete, naye akaikataa kwa adabu. Safwani kinyozi alianza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka na lile kapu.

Lakini zilibaki nyumba kumi na moja. Shureihi alikwenda kukaa kwenye vizingiti vyao, kimoja baada ya kimoja. Kumi walimsamehe, baadhi kwa machozi, baadhi kwa uchovu. Mzee Qudama, baba wa kijana aliyezikwa mwisho, hakumsamehe. Kila Ijumaa Shureihi aliketi mlangoni pake toka swala mpaka alasiri, na kila Ijumaa mzee alitoka, akampita, akaenda zake. Mji ukabishana juu ya hilo nalo, nani ana haki kati ya wawili hao, miaka nenda miaka rudi. Shureihi hakuhiji. Mwaka wa tisa, siku ya jua kali, Mzee Qudama alitoka, akamkuta mvi zimemjaa, ameketi kwenye mawe. Akarudi ndani. Akatoka na mkeka, akautandika upande wenye kivuli, akaenda zake bila kusema neno.

Shureihi alifariki mwaka huo huo, na wanaojua wanasema alizikwa katika mkeka ule.

Wanafunzi wangu huniuliza kila mara, je, hatimaye alihesabiwa shujaa au mwoga? Mkitaka kubishana juu ya hilo, nendeni kwa kinyozi. Mimi nikifika kwenye ule mkeka huwa sina tena la kusema, ila kumwomba Mola atujaalie ndimi zinazokwama kwenye kiapo cha kwanza, zisingoje cha saba. Amin.