Ngwila Mbeba Wafu na Kaburi la Kwanza la Malunde

Tegeni masikio, ninyi mnaolala usingizi kana kwamba nchi hii ilidondoka mbinguni. Zama za mababu wa mababu zetu, kabla Malunde haijawa na kaburi hata moja, aliishi Ngwila mwana wa Msembe, mabega ya mwamba, mbeba wafu.

Watu wake walitumwa na Mtemi wa Uhenda wavuke mto Luhembe, wafyeke msitu, wayeyushe chuma na kumpelekea majembe. Walipeleka, naye kila mwaka akataka zaidi. Aliwakataza kujifulia mikuki, na wajumbe waliokwenda kulalamika walirudishwa wamenyolewa nusu kichwa. Hayo waliyameza. Lililowakaba koo ni marufuku ya kuzika ng'ambo hii: kila maiti irudishwe Uhenda.

“Nchi ni ya mwenye makaburi,” alisema Mtemi. “Ninyi ni wageni, na mgeni hana kauli.”

Basi Ngwila aliwabeba wafu mgongoni, mmoja mmoja, mwendo wa siku tatu. Mila ilikuwa kwamba mbeba maiti hasalimiwi wala hasimamishwi. Anayekutana naye humpa mgongo mpaka apite.

Kisha akaugua mama yake, Nyamwale, aliyefyeka shamba la kwanza. “Mwanangu, visiki hivi niliving'oa kwa mikono yangu,” alisema. “Usinipeleke kwa wasionijua.” Ngwila aliiogopa amri kuliko alivyomsikia mama, na alipokufa alimfunga mkekani akaondoka naye. Aibu ile hakuisahau.

Kila hatua mama alizidi uzito. Kivukoni, jua likiwa utosini, alishindwa kupiga hatua nyingine. Ndege wakanyamaza, na mto ukapita bila sauti. Udongo mbichi wa shambani ukaanza kumwagika kutoka ndani ya mkeka, ingawa maiti ilioshwa ikatakata. Ngwila akageuka kuelekea Malunde, na mzigo ukawa mwepesi kama tenga tupu. Nyuma yake alisikia nyayo za watu wengi, wakijikokota kama walioamshwa sasa hivi. Hakuthubutu kutazama.

Alimzika mama shambani mwake, akatangaza, “Tangu leo sisi si wageni.” Kulipokucha kaburi lilizungukwa na alama za nyayo, zote zikija, hakuna hata moja iliyoondoka.

Mtemi akatuma askari wamfukue Nyamwale. Wafua chuma wakawapokea kwa nyundo, na vita vikawaka viangazi vitatu, lakini boma la Uhenda halikuvunjika. Ndipo Ngwila akasema, “Tutaingia kwa mila yao wenyewe. Arobaini wafungwe mkekani na mikuki yao, arobaini wawabebe.”

Bibi Sikombe, mwosha maiti, akatikisa kichwa. “Mjukuu wangu, mkeka haufungi mtu bure. Mmoja utamdai.”

“Basi unidai mimi. Nifungeni wa kwanza.”

Walinzi wa boma waliwaona wakija, wakawapa mgongo kwa heshima. Kufikia adhuhuri boma lilikuwa limeanguka, na Mtemi ameapa kwamba Luhembe ni mpaka milele.

Watu thelathini na tisa walitoka mikekani wakiulizia chakula. Ngwila naye alitoka, lakini hakusikia njaa tena. Mbwa hawakumbwekea, na kila aliyekutana naye njiani alijikuta amempa mgongo bila kutaka, hata mkewe Mwanjelu. Jamani, mtu amewapa watu nchi, na hana wa kumtazama usoni!

Siku ya saba alibeba mkeka wake akaenda shambani kwa mama. Mwanjelu alimfuata, akajilazimisha kugeuka huku meno yakimgongana, akamsalimu, “Habari za safari, baba?”

“Nimefika,” alijibu Ngwila, na sauti yake ilikuwa na furaha. Mwanjelu alipopepesa macho aliukuta mkeka umefungwa juu ya kaburi. Wanaume wanane walishindwa kuuinua, wakaufukia palepale, wakalia kama watoto.

Ndiyo maana sisi wa Malunde hatuipi maiti mgongo. Ikipita, tunasimama, tunauliza habari za safari, na tunajibiwa kwamba amefika. Msiniulize anayejibu ni nani. Mimi nimebeba wengi, na sijawahi kufungua kinywa.