Bi Digidigi Aomba Kazi ya Kuamia Ndege

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kusinzia?

Ale makapi!

Mwenye kusikiliza?

Ale mtama!

Basi hapo kale, kale yenyewe ikiwa bado inanyonya, wanyama walilima shamba moja kubwa la mtama. Sheria yao ilikuwa moja: asiye na kazi shambani hana fungu siku ya mavuno. Masuke yalipoanza kukomaa, akatafutwa wa kuamia ndege, awafukuze wasile mtama. Msimamizi wa kuajiri alikuwa Nyati. Kichwa kikubwa, jamani, lakini ya ndani tuyaache.

Bi Digidigi alikuwa na wana wawili na ghala tupu. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa umepooza tangu kuzaliwa. Akajikokota mpaka kwa Nyati.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba kazi ya kuamia ndege."

"Marahaba. Hebu kimbia mpaka kwenye kichuguu kile, urudi."

"Kukimbia siwezi, mzee. Lakini ndege hao..."

"Basi, mama. Pole. Nenda kapumzike."

Apumzike! Na wanawe je, wapumzike na njaa? Akarudi nyumbani roho ikimuuma.

Nyati akamwajiri Swala. Ndege wakaja, Swala akawakimbiza, akawakimbiza, mpaka nusu ya mtama ikalala chini ya kwato zake. Ndege wakashuka kuokota.

Bi Digidigi akarudi. "Kimbia mpaka kwenye kichuguu," akaambiwa. Akageuza.

Nyati akamwajiri Nyani, fundi wa shabaha. Mawe yalipomwishia, akachuma masuke akawatupia ndege. Ndege wakamshukuru sana.

Mara ya tatu Bi Digidigi hakuomba. Alfajiri, yeye na wanawe walizungusha kamba shamba zima, na kwenye kamba wakaning'iniza vibuyu vyenye kokoto. Kisha akaketi kando ya njia, ncha ya kamba mkononi.

Kulipokucha likaja kundi la kweleakwelea, jeshi zima. Nyati, aliyekwisha kumfukuza Nyani, akakimbia huku, wakala kule. Akakimbia kule, wakala huku. Bi Digidigi akavuta kamba. Vibuyu vikalia kwacha kwacha kwacha, kila pembe kwa mpigo mmoja. Ndege wakatoka mbio, hata mmoja hakubaki.

Nyati akaja akihema. "Mama, mbona hukuniambia unaweza?"

"Hukuniuliza, mzee. Uliuuliza mguu, na mguu haukuja kuomba kazi."

Siku ya mavuno ghala la Bi Digidigi likajaa, wanawe wakala wakashiba. Wanyama wakampokonya Nyati usimamizi, wakampa yeye.

Msimu uliofuata Nyati naye akaja kuomba kazi. Akasimama tayari, miguu yote minne imekaza, macho kwenye kichuguu.

"Keti, mzee wangu," akasema Bi Digidigi. "Niambie, unajua kufanya nini?"

Nyati akafikiri. Akafikiri mpaka jua likageuka.

Basi wenzangu, anayetafuta mfanyakazi aulize kazi, asihesabu miguu. Hadithi yangu naitua hapa: ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu mpelekeeni Nyati.