Soda za Kushangilia Hasara ya Matajiri

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maana yake ni kwamba wembe uliomfikia jirani, njia ya kwako haujaisahau.

Fundi friji mmoja, aliyebandikwa jina la Baridi, alikuwa na hasira ya moto kama pasi. Hakuwahi kusahau jinsi matajiri wa ng'ambo walivyokifunga kiwanda alichofanyia kazi, wakaondoka na mitaji yao bila hata kwaheri. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba soko la hisa la nchi yao limeporomoka, alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

"Leo wamelia! Soda kwa karakana nzima na majirani, nalipa mimi!"

Mdogo wake wa kike, muuzaji wa duka la dawa lililokuwa jirani, alimwona akichomoa noti. Akamwahi.

"Kaka, hiyo si pesa ya insulini ya mwanao? Nunua ya kutosha leo leo. Friji si unazo?"

"Acha woga, mdogo wangu. Mimi nina hisa gani? Hisa yangu ni njaa!"

Mafundi wakaangua kicheko. Dada mtu hakucheka.

"Wakipata hasara kwao, watachomoa pesa walizoweka kwetu wazibe pengo. Pesa yetu ikianguka, dawa ya kuagizwa nje utaisikia kwenye bomba."

"Wainywe shubiri yao," Baridi akasema, akafungua chupa nyingine.

Haukupita muda. Wenye mitaji wakakomba fedha zao, pesa ya nchi ikanywea, na bei ya insulini ikapaa kama tiara kwenye upepo mkali. Huko ng'ambo serikali iliwafidia matajiri wake. Huku, binti wa Baridi akawa anadungwa nusu ya kipimo. Akakonda, hatimaye akazimia darasani.

Baridi akauza pampu yake ya gesi ya friji, iliyokuwa mkono wake wa kulia, akapata kichupa kimoja tu. Wodini, binti akafumbua macho.

"Baba, wale matajiri waliopata hasara, nao wanapunguza dawa?"

"Hapana, mwanangu," akajibu.

Wembe ni ule ule, ila tajiri hunyolewa kwa povu na maskini huchunwa kavu. Basi asiye na sabuni ndiye anayepaswa kuwahi kulowesha kichwa, badala ya kucheka: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.