Mlango wa Faki na Posa ya Tatu

Paukwa!

— Pakawa!

Ah, sauti gani hiyo, mmekula nini leo? Paukwa!

— Pakaaawa!

Haya, hapo mmeamka.

Hapo zamani za kale, kijiji fulani kilikuwa na desturi yake. Wanaoleta posa hawaanzi na watu, wanaanza na mlango. Mkubwa wao huweka kiganja ubaoni, akabisha hodi mara tatu. Kiganja kikitoka kisafi, wanaingia. Kikitoka na rangi, wanageuza njia, wanarudi. Walisema, nyumba iliyodanganya mlangoni haikosi kudanganya chumbani.

Faki alikuwa na binti mmoja, Mize, na mlango mmoja. Mize hana kasoro. Mlango, loo! Jua limeupiga, mvua imeuchapa. Kila mwaka Faki akipaka rangi juu ya rangi, na kila masika rangi ikibanduka. Posa ya kwanza ikaja: gamba la rangi likanasa kiganjani. Wakageuza. Faki akapaka upya mbio mbio. Posa ya pili ikaja: rangi mbichi, kiganja chekundu. Wakageuza. Mize akalia siku mbili, na Faki kwa aibu hata sokoni haendi.

Ikabaki posa ya tatu, ya Shaame, kijana ambaye Mize mwenyewe alimtaka. Inakuja Ijumaa.

Faki akamwendea Bi Mwanatumu, mkongwe aliyepaka milango ya kijiji kizima tangu ujana wake.

"Bibi, nipakie mlango."

"Sipaki. Nakwangua kwanza."

Akashika kisu na majani ya msasa. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Siku ya kwanza, kwaru. Siku ya pili, kwaru. Siku ya tatu ubao ukabaki uchi, na ufa ukajitokeza, mrefu kama mkono. Faki akashika kichwa.

"Kesho Ijumaa! Bibi, piga japo mkono mmoja wa rangi!"

"Ubao una unyevu wa miaka saba. Nikipaka, itabanduka."

"Wataona ufa!"

"Wana macho, mwanangu."

Alfajiri Faki akanyemelea chungu cha rangi apake mwenyewe. Akamkuta Bi Mwanatumu amekaa juu ya kifuniko. "Ninyanyue," akamwambia. Nani atamnyanyua bibi mzima? Faki akarudi ndani.

Wageni hao! Hodi! Hodi! Hodi! Babu yake Shaame akaweka kiganja, akakitazama. Kisafi. Akautazama mlango.

"Hauna rangi huu."

"Hauna," akajibu Bi Mwanatumu. "Haujakauka."

"Na una ufa."

"Unao. Miaka saba umekaa chini ya rangi. Waliokutangulia hawakuuona. Wewe umeuona."

Mzee akapitisha kidole kwenye ufa. Ndani, Mize ametega sikio.

"Utakuwa tayari lini?"

"Jumatatu."

Mzee akawageukia wenzake. "Twendeni."

Faki akatoka mbio kuwazuia.

"Twendeni tukatafute makumbi ya nazi ya kupakia rangi," mzee akaendelea. "Jumatatu tunarudi. Mkwe wetu atatokea mlango huu, haifai wenyeji waupake peke yao."

Jumatatu wakaja kweli, makumbi mkononi. Ufa wakauziba, kisha upande huu Faki, upande ule babu yake Shaame. Mkono wa kwanza, wakala wali. Mkono wa pili, wanawake wakapiga vigelegele, na Mize akacheka mpaka akalia. Masika yakaja yakapita, rangi imeshika.

Bi Mwanatumu amekufa zamani, Mungu amrehemu. Lakini pale kijijini, mpaka leo, posa haipokelewi kwa mlango uliopakwa. Wenyeji hukwangua, wakwe wakaja kupaka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bi Mwanatumu akawafundisha kuwa ufa hauzibiki mpaka uonekane.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Mwenye yake na aingie, ila abishe hodi.