Kamba ya Mghoi

"Ukiiga kamba, inuse kwanza." Mmemsikia mama wa mashine ya kusaga akimwambia mwenzenu Wakesho maneno hayo, mkaja kuniuliza kamba na pua vinahusiana vipi. Haya, sogezeni ungo tuchambue kunde huku mkinisikiliza. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa nimeolewa hapa kijijini mwaka mmoja tu. Wakati huo mashamba yetu ya chini yalipakana na nyika, na ndovu walikuwa na njia yao iliyopita karibu nasi kwenda mtoni. Mahindi yakianza kubeba, nao huanza kukata kona kuja mashambani mwetu. Tulipiga madebe, tukawasha moto, tukapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Siku za kwanza walikimbia. Baadaye walizoea, wakawa wanatusikiliza huku wakila.

Mwaka huo waliharibu mashamba yote ya upande wa nyika isipokuwa moja, nalo lilikuwa la mjane mmoja aitwaye Mghoi. Alikaa peke yake, binti zake wote wameolewa mbali. Shamba lake lilikuwa la kwanza kabisa kutoka porini. Kama ndovu wangekuwa na adabu ya kupiga hodi, wangepiga hodi kwake kabla ya kufika kwetu.

Asubuhi tulikwenda kutazama nyayo. Zilitoka porini moja kwa moja hadi mpakani kwa Mghoi, pale alipokuwa amefunga kamba ya katani kwenye vigingi kulizunguka shamba lake, na kuning'iniza matambara ili wachungaji waione wasipitishe ng'ombe. Nyayo zilifika kwenye kamba zikasimama. Ardhi ilikuwa imekanyagwa hapo kana kwamba wanyama wale walifanya kikao. Kisha zikageuka, zikazunguka shamba lote, zikaingia kwa jirani.

Tulitazamana. Kamba ile hata mbuzi angeikata.

Kila mtu akawa na lake. Wengine walisema marehemu mume wake aliliwekea shamba zindiko kabla hajafa. Wengine walisema ni rangi ya matambara. Mwanamke mmoja aliapa kwamba Mghoi huzungumza na ndovu, eti amemwona akisogeza midomo kule mpakani. Mghoi mwenyewe alipoulizwa alijibu, "Hata mimi sijui." Na ukweli ni kwamba hakujua. Alianza kuliogopa shamba lake mwenyewe. Aliniambia siku moja tukiteka maji, "Mwanangu, natamani wangekula hata safu mbili, nifanane na wenzangu."

Jirani yake alikuwa Righa, binamu ya marehemu mumewe. Alikuwa mwanamume mchapakazi, mwenye watoto sita, na shamba lake lilikuwa limeliwa nusu. Alikwenda kwa Mghoi akamuuliza, "Shemeji, niambie kweli. Umefanya nini?"

"Shemeji, sijafanya lolote. Labda ni hiyo kamba."

Basi Righa akaamua kufunga kamba. Na aliiga hasa! Alipima urefu wa vigingi vya Mghoi kwa mkono wake. Alihesabu matambara. Alitazama fundo linavyofungwa, kama ni la kulia au la kushoto. Palipokuwa na tambara jekundu kwa Mghoi, naye alitundika jekundu, hata akamchania mkewe kanga nzima. Kamba yake ilikuwa mpya, nyeupe, imenyooka. Tulipita tukamsifu.

Siku ya nne ndovu waliipita kana kwamba ni utando wa buibui. Waliburura kipande chake hadi mtoni, matambara na yote. Mahindi yaliyobaki wakayamaliza. Nilimwona Righa asubuhi hiyo amekaa katikati ya mabua yaliyovunjika, ameshika tambara jekundu, haelewi. Ng'ambo ya njia mahindi ya Mghoi yalikuwa yamesimama, hayajaguswa hata jani.

Hapo mkanganyiko ukageuka chuki. Kama ni kamba, mbona kamba ya Righa haikufaa? Kwa hiyo si kamba. Kwa hiyo Mghoi anaficha kitu. Na anayeficha kitu kama hicho, tukaanza kunong'ona, huenda ndiye anayewatuma ndovu kwetu. Sikuwa bora kuliko wengine, wajukuu zangu. Siku hizo niliacha kuteka maji pamoja naye.

Mzee wa kijiji, jina lake Mwalugha, aliitisha baraza palepale mpakani kwa Mghoi. Jua lilikuwa kali. Righa alisimama mbele ya watu, jasho likimtoka.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Shemeji aape mbele yetu kwamba hana uchawi. Akishindwa, ahame."

"Nitahamia wapi, Righa?" Mghoi aliuliza. "Kaburi la ndugu yako liko hapa."

"Sema basi umeweka nini! Uliniambia ni kamba. Nimefunga kamba. Watoto wangu watakula kamba?"

"Sijui, shemeji. Wallahi sijui."

"Hajui!" Righa akapaza sauti. Aliishika ile kamba kwa mikono miwili, akaivuta kwa nguvu zake zote aing'oe aitupe miguuni pa Mwalugha. Vigingi vilikuwa vimezama, havikutoka. Akavuta tena, akapumua, akajifuta jasho usoni kwa viganja.

Kisha akapiga ukelele ambao sijausahau.

"Macho yangu! Macho! Ameniloga mbele yenu!"

Watu walitawanyika. Mimi mwenyewe nilijikuta nyuma ya kichaka. Hata Mwalugha alirudi nyuma hatua kadhaa. Aliyebaki ni Mghoi peke yake. Alimwendea yule aliyetaka kumfukuza, akamshika mikono asijifute tena. Akainusa mikono ile. Akapiga chafya. Akapiga nyingine.

"Jamani," alisema, mwenyewe akishangaa, "ni pilipili!"

Aliletewa maji na sabuni, akamwosha Righa uso kama anavyooshwa mtoto. Sisi tulirudi mmoja mmoja. Mwalugha akauliza, "Mghoi, kamba hii uliipaka nini?"

"Oili chafu tu, ya lori. Kwa ajili ya mchwa, wasile katani."

"Na pilipili je?"

Tulimwona Mghoi anavyohangaika kukumbuka. Kisha akajipiga paji la uso.

"Debe! Lile debe nililotilia oili lilikuwa na unga wa pilipili ulioshikwa na unyevu. Sikupata debe jingine, nikamimina oili humo humo. Wala sikufikiria tena habari zake."

Tukaikaribia kamba tukainusa. Baraza zima likawa linapiga chafya. Ndipo tukaelewa. Ndovu hutanguliza mkonga kila aendako, na mkonga ndio pua yake. Alipofika pale alikutana na moto usioonekana.

Righa aliinua kichwa, macho mekundu. "Lakini shemeji, unaipita kamba hii kila siku. Hukuisikia harufu?"

"Nyumba yangu yote inanuka pilipili, natwanga ya kuuza tangu nilipofiwa. Wewe je? Ulihesabu matambara yangu moja moja. Hata mara moja hukuinusa?"

Mbele ya watu wote Righa alipiga magoti akaomba radhi. Mghoi alimwinua, lakini hakucheka, na hakuwa tayari kutusamehe siku hiyo. Alituambia twende makwetu. Mimi ilinichukua miezi miwili kupata ujasiri wa kubeba mtungi wangu kumfuata kisimani.

Msimu uliofuata alitufundisha kutwanga, kuchanganya na kupaka. Si kwamba ndovu walikoma kabisa. Mvua kubwa ikinyesha hubidi kupaka upya, na mvivu aliyeacha kupaka alivuna mabua. Lakini tulikula mahindi yetu. Na mwaka ule mahindi yake yalipoliwa, familia ya Righa ililishwa na shamba la Mghoi, na Righa akawa mpakaji wa kamba za mjane huyo hadi alipozeeka.

Habari zikafika vijiji vya mbali, watu wakaja kuona. Nakumbuka bwana mmoja aliyefika na kijiti, akapima vigingi, akaandika rangi za matambara katika daftari, akauliza fundo ni la kulia au la kushoto. Righa alimtazama hadi akamaliza. Kisha akamshika bega taratibu, akamwinamisha hadi pua ikakaribia katani.

"Ndugu yangu," akamwambia, "ukiiga kamba, inuse kwanza."